Kama kwa Padri

Sentensi niliyojivunia kuliko zote katika masomo yangu ya uzamili sikuiandikia Norwei. Niliitunga Tunduma, jikoni kwa dada yangu, huku namenya viazi. Chuo kilikuwa kimenipa fomu ya ridhaa ya kurasa tatu, yenye vifungu tisa, na kila mtu niliyetaka kumhoji alipaswa kusomewa yote kabla sijawasha kinasa sauti. Mama wa kwanza nilimsomea. Kufika kifungu cha tatu alikuwa anachambua mchele, kufika cha tano akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema moyoni, kwa mwendo huu nitamaliza mwaka. Kuanzia mama wa pili nikawa naweka fomu mezani, naonyesha mahali pa kusaini, na kusema hivi: "Utakachoniambia ni siri yangu na wewe, kama kwa padri."

Ilifanya kazi vizuri mno. Wakatoliki walielewa papo hapo, Wamoraviani walicheka lakini nao wakaelewa. Nilimwandikia msimamizi wangu kule Norwei kwamba nimepata njia ya kueleza usiri kwa lugha ya watu wenyewe, akajibu kwamba hilo ni jambo zuri sana, niliingize kwenye sura ya tatu. Sikumwambia kwamba vifungu vilivyobaki nilikuwa nimeviacha. Nilikuwa na kiburi, nakiri, na aliyenifanya nijione mjanja ni mimi mwenyewe.

Naitwa Nesta. Kabla ya kwenda kusoma nilikuwa afisa ustawi wa jamii hapa kwa miaka saba. Tasnifu yangu ilihusu walezi wa kuaminika, yaani wale watu wa mtaani wanaokubali kumpokea mtoto aliyeokotwa au kuokolewa, wakae naye kwa muda mpaka ndugu zake wapatikane. Nilihitaji mahojiano kumi na mawili. Mwezi wa kwanza ulikuwa unaishia, mvua inapiga kila alasiri, nami nilikuwa na mahojiano kumi na moja mkononi na siku tisa kabla ya kupanda ndege. La kumi na mbili nilikuwa nimelibakiza makusudi, kama mtu anavyoiweka nyama pembeni ya sahani aile mwisho, kwa sababu lilikuwa la Mama Conjesta wa Chapwa.

Conjesta ni mjane na fundi cherehani, anashona sare za shule. Wanawe watatu ni watu wazima, wote wako Lusaka kwenye biashara. Mtoto aliyekuwa kwake nilimpeleka mimi. Karibu miaka miwili nyuma basi lilipinduka Nanyala, mama mmoja akafa bila kitambulisho wala simu, na binti yake wa miaka mitatu na nusu akatolewa mzima, hana hata mchubuko. Alijua jina lake tu, Nyanzobe. Kwa jina hilo tukajua ni mtoto wa Wasukuma, wale wenye ng'ombe waliohamia bondeni huko Momba, lakini bonde ni kubwa. Tulitangaza redioni, hakuja mtu. Nikamkabidhi kwa Conjesta kwa muda, na miezi mitano baadaye nikapanda ndege kwenda kusomea namna ya kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Jumatano tulikaa chumba chake cha mbele, kati ya cherehani na rundo la sketi za bluu. Nyanzobe alikuwa shule, darasa la awali. Nikaweka fomu mezani, nikasema sentensi yangu. Conjesta akasaini bila kuisogeza wala kuitazama, halafu akashika kalamu hewani.

"Kama kwa padri kabisa?" akauliza.

Nikamwambia kabisa.

Kwa dakika arobaini alizungumza vizuri kuliko wote. Alinieleza mtoto alivyokuwa akilala chini ya meza mwezi wa kwanza, na alivyoanza kucheka siku moja sindano ya cherehani ilipokatika. Mimi nilikuwa tayari naiona sura ya nne ikijiandika. Nikamwuliza swali la mwisho, lile tulilofundishwa darasani kuliuliza taratibu: je, kuna jambo lolote ambalo hujapata mtu wa kumwambia? Akachukua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akatoa humo karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba yake alikuja," akasema.

Alikuja mwezi wa kumi na moja, miezi mitatu baada ya mimi kuondoka. Anaitwa Ndalahwa, anakaa Msangano. Wakati wa ajali alikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Katavi, na habari za mkewe zilimfikia akiwa huko miezi kadhaa baadaye. Akarudi, akafuatilia, polisi wakamtuma ofisini kwetu, ofisini wakamtuma hapa. Alikaa kwenye kiti kile kile nilichokalia mimi. Alivaa kandambili za tairi, na fimbo yake aliiegesha nje ya mlango kwa adabu. Nyanzobe alikuwa kwa mama mmoja anayefundisha watoto wadogo, barabara ya pili tu kutoka hapo. Conjesta alimwambia mtoto ameshahamishiwa kituo cha Mbeya, na kwamba jina la kituo halijui. Yule baba alishukuru, akanywa maji, akaandika jina lake na namba ya simu, akaomba kwamba mama akisikia lolote amsaidie.

"Nilimwangalia nikaona ng'ombe tu," Conjesta akasema. "Leo yuko Msangano, kesho Katavi. Mtoto atasoma lini? Na alikuwa ameshaanza kuniita mama, Nesta."

Akashusha pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akakaa wima akinitazama usoni kama mtu anayesubiri. Sikujua anasubiri nini. Mimi nilikuwa naitazama taa nyekundu ya kinasa sauti. Nikaipiga picha ile karatasi kwa simu, nikamshukuru kwa muda wake. Ndiyo, nilimshukuru kwa muda wake, kama tulivyofundishwa, nikafungasha vitu vyangu. Mlangoni nikapishana na Nyanzobe anarudi shule, vidole vyeupe kwa chaki. Aliniamkia haraka haraka, akanipita kwenda kwa mama yake.

Nyumbani nilitoa fomu nikasoma kifungu cha sita. Kilisema usiri hauhusu taarifa yoyote inayoonyesha kwamba mtoto ametengwa na wazazi wake au yuko hatarini, na kwamba mtafiti atalazimika kuitoa taarifa hiyo kwa mamlaka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, nilikitafsiri mimi. Nikikitii, yule baba atampata binti yake, na Conjesta atajua kwamba nilimdanganya. Chuo nacho kitataka kujua ilikuwaje mama wa watu akasaini asichokijua, na kamati ya maadili itauliza kuhusu wale kumi na mmoja wengine, nami nitalazimika kujibu. Mahojiano yote yatatupwa. Ufadhili wangu unaisha mwezi wa sita, na hakuna nauli ya kurudi tena kuwahoji watu upya.

Na kufuta dakika nne tu za sauti kulikuwa kazi ya kidole kimoja. Nilikiweka kidole pale, nakiri na hilo pia. Saa nzima niliiwaza tasnifu kabla sijamwaza mtu anayetembea Mbeya nzima akiuliza kituo ambacho hakipo. Nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alhamisi asubuhi nilirudi Chapwa, nikamsomea Conjesta kifungu cha sita, neno kwa neno, yeye akiwa bado ana mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Hicho kilikuwepo jana?" akauliza.

"Kilikuwepo, mama."

Hakufoka. Laiti angefoka. Alitazama ile sketi aliyokuwa akiishona kana kwamba kipimo kimekosewa, kisha akaniuliza ana muda gani. Sheria ingetaka nitoke pale niende moja kwa moja ofisini. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja, na roho ikanisuta, nikampa mpaka Ijumaa mchana amwandae mtoto. Alinisindikiza hadi barabarani kama mgeni yeyote, tukaagana.

Ijumaa sikungoja mchana. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake, na mlangoni palikuwa na kufuli. Jirani yake Leah, anayeuza maandazi hapo kando, alisema aliwaona wametoka kabla jua halijachomoza, mama ana begi kubwa na mtoto amevaa gauni la Jumapili. Wameelekea wapi? Huko barabara kuu. Nikampigia Conjesta, simu imezimwa. Nikakimbia shule, mwalimu akasema Nyanzobe hajafika.

Mtu wa Tunduma haambiwi maana ya hayo. Zambia iko pale, unavuka kwa miguu, na Conjesta ana mdogo wake upande wa pili, Nakonde, anauza vitenge sokoni. Wanawe wako Lusaka. Akishapanda basi la Lusaka, mtoto huyo hapatikani tena, si kwa redio wala kwa barua. Nilipita katikati ya malori yaliyopanga foleni kwenye tope, viatu mkononi, nikigombana na kila utingo aliyenizibia njia.

Yule mdogo wake anaitwa Brenda. Nilimkuta anapanga mzigo, nikamwamkia kwa Kibemba kwa heshima zote, mwashibukeni mukwai, hakuitikia. Akaniuliza kwa Kiswahili nimemfanya nini dada yake. Kumbe jana jioni Conjesta alimpigia simu analia, akamwuliza kama Nakonde kuna shule nzuri ya watoto wadogo. Brenda alimwambia ipo, na alikuwa ameshatandika kitanda. Lakini hawajafika, akasema, naye amekaa hapo tangu alfajiri akiwasubiri. Nilimtazama nikaona hadanganyi, kwa sababu na yeye alikuwa na hofu.

Basi wamepitiliza. Nilisimama stendi ya mabasi ya Nakonde nikichungulia madirisha, na basi la kwanza la Lusaka lilikuwa limeshaondoka. Hapo ndipo nilipompigia Osward, aliyeachiwa meza yangu nilipokwenda masomoni. Nilimweleza yote kwa mkupuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia niende ofisini.

Osward ni mpole, na siku hiyo upole wake ulinichapa kuliko fimbo. Alinionyesha droo ya meza yangu ya zamani. Ilikuwa imefungwa. Akasema Ndalahwa alipokuja, faili la mtoto halikuonekana, kwa hiyo alimtuma kwa Conjesta kwa kukumbuka tu. Aliporudi kusema mtoto amehamishiwa Mbeya, Osward aliamini ni mimi niliyemhamisha kabla ya kuondoka, akaandika barua Mbeya, ikawa kimya.

"Nilijua utakuwa umefanya kazi yako," akasema.

Nikatoa funguo zangu mkobani. Zilikuwa kwenye kishikio cha plastiki nilichonunua Norwei, na katikati ya ufunguo wa chumba changu kule na wa nyumba ya dada, ulikuwepo mmoja mdogo wa shaba. Sikuwahi kujiuliza ni wa nini. Uliingia kwenye droo bila taabu, na faili lilikuwa la juu kabisa. Siku zile zote mtu anahangaika kumtafuta mwanawe, karatasi zake zilikuwa kwenye droo yangu na ufunguo ulikuwa kwenye theluji.

Osward alitoa taarifa polisi na mpakani. Namba ya Ndalahwa ilikuwa haipatikani, na afisa mtendaji wa Msangano akasema bondeni mtandao umekatika tangu mvua ya usiku, yeye mwenyewe yuko mjini kwa kikao, akatuelekeza njia. Osward akasema mambo kama hayo huambiwa mtu uso kwa uso, na anayestahili kuyasema ni mimi. Tukapanda pikipiki yake.

Njia ya kushuka bondeni ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili tulianguka, mara ya pili nikachubuka goti, na sikulisikia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi. Baba, mwanao tumempata na tumempoteza. Baba, mwanao alikuwa Chapwa siku zote. Kule chuoni tulikuwa na somo zima la kutoa habari mbaya, nilipata alama A, na sasa kila sentensi niliyoijaribu mgongoni kwa Osward ilikuwa ya mtu anayejitetea. Joto la bonde lilitupokea, kisha mashamba ya mpunga, kisha kundi la ng'ombe, na mchungaji mmoja akatuonyesha nyumba ya bati jipya kando ya shule ya msingi. Kando ya shule ya msingi kabisa, ukitupa jiwe linaingia darasani.

Uani palikuwa na watu wamekaa kimya. Niliona kwanza gauni la Jumapili, la pinki, lina tope mpaka magotini. Halafu nikaona mkono ulioshika kitenge, halafu mwenye kitenge. Conjesta alikuwa amekaa kwenye kigoda, begi miguuni.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye tope, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Sikulia kwa furaha peke yake. Nilikuwa nimewaza mabaya yote ya mama huyu tangu asubuhi.

Walikuwa wamefika saa moja tu kabla yetu, kwa lori la kubebea mpunga na kipande kirefu kwa miguu. Alikuwa ameshasema yote mwenyewe. Ndalahwa alimtambua tangu akiwa mbali, akamsikiliza amesimama, akaenda zizini akakaa huko peke yake, kisha akarudi amenawa uso. Hakumgusa mtoto. Kila alipomsogelea, Nyanzobe alijificha nyuma ya Conjesta, kwa hiyo alikaa mbali kidogo, mikono juu ya magoti, akimtazama tu. Alimwuliza Osward kama mama huyu atafungwa. Osward akasema sheria itaangalia, na kwamba na sisi wa ofisini tuna ya kujibu. Ndalahwa akatikisa kichwa taratibu.

Nilijikokota mpaka kwa Conjesta nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia nilidhani amevuka.

"Nilifika mpakani," akasema. "Nikasimama pale na begi. Nikakumbuka Jumatano." Aliongea polepole, bila hasira, na macho yake hayakuniacha. "Uliniambia ni kama kwa padri. Padri ukishamaliza kusema anakupa malipizi, jambo la kufanya ulipie kosa. Mimi nilikaa pale nakusubiri, Nesta, wewe ukanishukuru kwa muda wangu. Basi nimejipa mwenyewe."

Baadaye nilimwandikia msimamizi wangu kila kitu, pamoja na ile sentensi na kidole changu juu ya kitufe, na mahojiano yote kumi na mawili yakafutwa. Naandika upya kwa yaliyomo kwenye mafaili, bila sauti ya mtu yeyote, na sijui kama nitamaliza kabla ya mwezi wa sita. Sura ya tatu ina kifungu cha sita chote. Lakini siku ile sikuwa na tasnifu kichwani.

Mama yake Ndalahwa, bibi mzee, alitoka ndani akiwa ameshika bakuli la maziwa. Akainama mbele ya Nyanzobe akamsemesha kwa Kisukuma. Mtoto akamkodolea macho. Bibi akarudia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani.

Nyanzobe akaelekeza kidole kwa Conjesta. "Wa huyu," akasema.

Ndalahwa aliinamisha kichwa akaanza kuchora ardhini kwa fimbo. Bibi alibaki ameinama na bakuli lake, hajui alirudishe au aliache.

Conjesta akamshika mtoto mabega, akamgeuza taratibu mpaka akawa anamtazama yule mwanamume. Aliitumia sauti ile ile niliyoisikia zamani nikiwatembelea, ya kumfundishia kuhesabu vifungo mezani.

"Sema, mimi ni Nyanzobe, mtoto wa Ndalahwa."

"Mimi ni Nyanzobe mtoto wa Ndalahwa," mtoto akasema, haraka haraka, akitazama chini.

"Sijasikia. Mwambie yeye."

Nyanzobe akasimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama darasani, akasema kwa sauti ya juu mpaka ng'ombe mmoja zizini akageuza kichwa. Ndalahwa aliacha kuchora. Aliitikia kwa neno moja la Kisukuma ambalo sikulielewa, na hakuweza kuongeza la pili.

Mtoto akageuka nyuma, uso umechangamka.

"Nimepatia, mama?"

"Umepatia," Conjesta akamwambia.